Utando wa Kijani Juu ya Vigae

Harufu ya kigae kilicholowa, ninachokikwangua hapa uani Kasulu, inanirudisha kwetu Kibondo. Baba alipanda mwenyewe juu ya nyumba akabandua utando wa kijani ulioota kwenye vigae, mnene na laini kama manyoya ya kondoo. Alisema ndio unaoleta unyevu, na mdogo wangu mchanga alikuwa anakohoa.

“Baba, naona mbingu!” nilipiga kelele toka ndani.

“Basi msalimie Mungu!” akacheka.

Kumbe utando ndio uliokuwa umeziba nyufa. Mvua zikaanza, maji yakafika kitandani, kifua cha mtoto kikazidi kubana. Baba akapanda tena kwenye mvua, akawa anaurudisha kwa vidole, maji yanauchukua. Mama akatoka amembeba mtoto asiyekohoa tena, kamfunika uso.

“Shuka, baba watoto. Unamzibia nani?”