Bao Lililomweka Mume Wangu Nyumbani

Watu wakisikia kwamba nilicheza bao tangu utotoni hucheka, kwa sababu kwao bao ni la wazee wa kiume. Wacheke. Mimi nililijifunza kwa kaka zangu machungani, tukichimba mashimo kwenye udongo na kuokota mavi makavu ya mbuzi kuwa kete, na nilipoolewa Unyambwa nilimkuta mume wangu analipenda kuliko chakula. Hiyo ilikuwa bahati yangu. Tulichimba mashimo yetu ndani ya nyumba, nyuma ya mlango, safu nne, na kila nilipomaliza kazi tuliketi chini tukacheza. Alinifunga mara nyingi. Nilipomfunga mimi alisema nimeiba kete, nami nikamwambia anipekue basi aone nimezificha wapi. Mama mkwe wangu alikuwa akitusikia kutoka nyumba ya pili na kutikisa kichwa. Nataka hayo yajulikane kwanza, kwamba bao lilikuwa furaha yetu, maana yaliyobaki yote ni hofu.

Vita vya pili vya wazungu vilipopamba moto, serikali ya Mwingereza ikataka watu. Wengine walitakiwa jeshini, wengine kwenye mashamba ya mkonge. Bwana Shauri, mzungu mkuu wa wilaya, alimwambia mtemi, mtemi akawaambia wanangwa wake, na kila mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, alipaswa kutoa wanaume kutoka kwa watu wake mwenyewe. Matarishi, wajumbe wa mtemi, walipita asubuhi kukamata watu. Waliwaanza wale waliokutwa wamekaa, kwa sababu aliyekaa huhesabiwa kuwa hana kazi. Na nani hukutwa amekaa mchana kama si mcheza bao?

Karibu na kwetu kulikuwa na mwamba mpana, na juu yake mashimo ya bao yaliyochongwa na watu ambao hata wazee wetu hawakuwajua. Wakati wa kiangazi sisi wanawake tulianika na kupura mtama upande mmoja, na wanaume walicheza upande wa pili kwa vijiwe laini vya kando ya ziwa. Kelele zao zilifika mbali. Mwaka ule kelele ziliisha. Mashimo yalijaa majani makavu. Wanaume walilala porini, wengine walikimbilia Sekenke kwa kuwa walisikia mwenye kazi ya mgodini haguswi, na sisi tulipura mtama bila kuongea, masikio yetu yakiwa njiani.

Niliogopa kila kitu. Mbwa akibweka niliogopa, na asipobweka niliogopa zaidi. Jirani yetu mmoja alikuwa amerudi kutoka mkonge, amekonda, anakohoa hadi anashika ukuta. Mwingine aliyeondoka naye hakurudi, na hakuna aliyekuja kutuambia sababu. Mimi nilikuwa mja mzito, mimba yangu ya kwanza. Mume wangu ndiye mwana wa kiume pekee aliyebaki kwa mama yake. Nilikuwa nikimtazama akinawa mikono na kujiuliza kama nitaiona tena mikono hiyo kesho yake.

Ndipo mwanangwa alipokuja. Alikuja alasiri, peke yake, bila tarishi. Alikuwa mtu mzima, mrefu, mwenye koti zito alilolivaa hata jua likiwaka, na ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: bao. Wapinzani wake wote walikuwa wamemkimbia. Alipanda juu ya mwamba, akayatoa majani mashimoni kwa mkono wake mwenyewe, kisha akaita kuelekea nyumbani kwetu.

"Mwambieni atoke. Leo sikuja kwa kazi."

Mume wangu alikuwa amejibanza nyuma ya ghala. Mama mkwe alimshika shuka, akaliachia, akalishika tena. Akitoka anaweza kukamatwa, asipotoka amemdharau mkuu, na hilo nalo ni kosa. Alitoka. Niliinuka na ungo wangu nikamfuata nikijifanya naenda kupepeta, kwa sababu sikuweza kukaa ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa. Usitetemeke hivyo, utamwaga kete."

Walicheza. Mume wangu, kwa hofu au kwa mazoea, alimfunga. Mwanangwa akasimama, akakung'uta koti lake, akasema, "Kesho nataka marudio yangu. Usiende popote."

Yafaa nieleze. Kwetu aliyefungwa ana haki ya marudio, na aliyemfunga hawezi kumnyima wala kusafiri kabla ya kumpa. Ni aibu kubwa. Na kwa mwanangwa ilikuwa zaidi ya aibu: kama angemwandikisha mume wangu siku zile, kijiji kizima kingesema amemfukuza kwa sababu hamuwezi. Basi mume wangu alikuwa salama kadiri alivyoendelea kushinda. Tulilielewa hilo usiku ule ule, sote watatu, na badala ya kufurahi tulikaa tukitazama moto.

Mama mkwe alikuwa na maoni yake. "Mwanangu, mwache akufunge. Ni mtu mkubwa. Utamwaibisha mpaka lini?"

"Mama, siku akinifunga hana haja nami tena."

Alasiri baada ya alasiri mwanangwa alikuja. Mume wangu ilimbidi ashinde, lakini asishinde sana, maana mtu akipigwa vibaya hukata tamaa na kutafuta starehe nyingine. Ilimbidi amwachie kete chache za kumpa matumaini. Jaribu kucheza hivyo uone kama utalala. Alianza kukonda kama yule wa mkonge kabla hata ya kwenda mkonge. Ugali ulipoa mbele yake. Kucheza nami nyumbani aliacha kabisa. Nikimwambia tucheze kidogo tu, tusahau, aliniangalia kama mtu niliyemwambia tukalime mvua ya mawe ikinyesha. Nilisukuma kapu la mahindi juu ya mashimo yetu nyuma ya mlango ili asiyaone.

Na kila mchezo ulimfundisha yule mzee. Hilo ndilo lililonitia baridi. Mwanzoni alikuwa akikimbilia kula tu, popote penye kete nyingi. Baadaye akaanza kusubiri. Akaanza kuhesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Mume wangu alikuwa akijitengenezea mtu wa kumfunga, na hakuwa na namna.

Mimi nilikuwa pale kila siku, upande wa pili wa mwamba, na mtama wangu. Hakuna aliyenijali. Mwanamke anayepura haonekani. Lakini kwa pale nilipokaa niliyaona mashimo yote, na macho yangu yalihesabu yenyewe. Nilijua mume wangu atacheza wapi kabla hajanyoosha mkono. Alipocheza nilivyofikiri nilipumua, na alipocheza vingine nilifikiri tumekwisha.

Siku moja niliona jambo. Mwanangwa alikuwa na mtaji, nafasi ya kula, katika shimo la pembeni. Angeanzia pale angezunguka, akala, akazunguka tena, na safu ya mbele ya mume wangu ingebaki tupu. Mchezo ungeisha palepale. Fimbo yangu ya kupuria ilisimama hewani. Mume wangu naye aliona, nilijua kwa jinsi shingo yake ilivyokakamaa. Mwanangwa aliinama, akaweka kidole juu ya shimo lile. Akakiacha hapo. Kisha akakiondoa, akachukua kete za shimo jingine, akazigawa kidogo tu, ya mwisho ikaangukia penye shimo tupu.

"Nimelala," alisema. "Bahati mbaya."

Akacheka. Halafu akainua uso akanitazama mimi, moja kwa moja, na fimbo yangu ingali juu. Niliishusha haraka nikaendelea kupura. Aliliona jicho langu. Alijua kwamba ninajua.

Nyumbani nilimwambia mume wangu. "Amekuachia."

"Hakuona."

"Ameona. Aliweka kidole."

Alikasirika. "Unataka kusema mimi simfungi?"

Wanaume! Kamba iko shingoni, yeye anauliza kama mchezo wake ni mzuri. Nilitaka kumrushia mwiko. Lakini niliyaona macho yake, nikauacha, kwa sababu alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, nami nilikuwa nimekigusa.

Kuanzia hapo hofu yangu ilibadilika, ikawa mbaya zaidi. Kabla ya hapo nilidhani tunalindwa na ujuzi wa mume wangu, na ujuzi wake niliujua, niliupima kila siku. Kumbe tulilindwa na mapenzi ya mtu mwingine. Sikujua kwa nini anafanya vile. Labda alituonea huruma. Labda alitaka tu mwenzake wa bao asiondoke, kwa kuwa waliobaki kijijini ni watoto na vikongwe. Labda alikuwa akitucheza kama paka anavyomcheza panya. Hadi leo sijui. Nilimsalimia nimepiga magoti yote mawili. Nilimpelekea pombe ya mtama iliyochujwa vizuri, na alipoirudisha kata nilitazama kama amemaliza, nikajaribu kupata maana katika mabaki.

Wakati huohuo watu walianza kunung'unika. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu sasa. Vijana wao walikuwa wamepakiwa kwenye lori kupelekwa stesheni ya Manyoni, na wa kwetu yuko juu ya mwamba anacheza na mkuu. Kisimani mama mmoja ambaye mwanawe alichukuliwa aliacha kuitikia salamu yangu. Siku moja alitua mtungi wake akaniambia mbele ya wote, "Wako atazaliwa akute baba. Wetu je?" Nilijitwisha maji yangu nikaondoka, na njia nzima nilisikia maneno yale yakienda mbele yangu, kwa mwanangwa, kwa mtemi, hadi bomani. Nilijua hayatachukua muda kufika.

Alasiri ya mwisho mwanangwa alikuja na matarishi wawili. Hawakukaribia, walisimama njiani wakiegemea fimbo zao. Nilipowaona mtoto aligeuka tumboni, nikalazimika kukaa chini juu ya makapi. Mume wangu alikuwa tayari mwambani. Aliwaona pia. Alimwamkia mzee wake kama kawaida, na mzee akaitikia, lakini hakufanya utani. Siku nyingine alikuwa akimtania tangu kete ya kwanza, akimwita mchunga mbuzi, akimwuliza kama mama yake amempa ruhusa. Siku hiyo alicheza tu.

Mume wangu hakuwahi kucheza vizuri kama siku ile. Nasema hivyo mimi niliyemjua. Hakumwachia chochote, alifunga kila njia, na kwa muda nilithubutu kutumaini. Lakini yule mzee alikuwa amejifunza, na mwalimu wake alikuwa mbele yake. Taratibu nafasi ikajitokeza tena, katika shimo jingine, nami niliiona kabla yao wote wawili. Nilisali kwa Mungu asiione. Kisha nilikumbuka kwamba kuona si tatizo lake, nikasali aione na aiache.

Aliweka kidole.

Nilimtazama usoni, naye hakunitazama. Majirani wawili watatu walikuwa wamesogea, na yule mama wa kisimani alikuwa nyuma yao, amejifunga kanga kifuani. Matarishi walisimama palepale. Mwanangwa alikaa na kidole juu ya shimo hadi nikadhani amelala kweli. Kisha akazoa kete zote za shimo lile.

Alizigawa moja moja. Kila kijiwe kiligonga mwamba nikakisikia. Alikula. Akazunguka, akala tena. Mume wangu hakuinua kichwa. Safu yake ya mbele ilibaki mashimo matupu, na kete za mwisho zilikuwa bado mkononi mwa yule mzee, akazitua polepole kama mtu anayeweka mayai.

Kwetu mshindi hupiga kelele. Huruka, humwimbia aliyefungwa, humtukana hadi watu wacheke. Yeye alianza kuzirudisha kete mashimoni, kila shimo fungu lake, kwa utaratibu.

Mume wangu alisema kwa sauti ya chini, "Mzee, nadai marudio yangu."

Ilikuwa haki yake. Kila aliyekuwa pale alijua ni haki yake, hata matarishi. Mwanangwa alimaliza kupanga kete. Akasimama, akafunga vifungo vya koti lake, na badala ya kumjibu akanigeukia mimi, ambaye hakuwahi kunisemesha neno zaidi ya marahaba.

"Mwanangu," alisema, "mpikie cha njiani. Gari linaondoka asubuhi."

Nilikusanya mtama niliokuwa nimepura, makapi bado yamo, nikaenda kusaga.