Kikombe Chini ya Mkuyu

Mi ni mama wa maombi, na mdomo ninao. Niliposema ule mkuyu una mapepo, kanisa letu zima la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, liliniamini.

Sababu nilikuwa nazo. Miti yote nyuma ya makazi ilishageuka makaa, ukabaki mmoja tu, mkubwa, mzee, na wenyeji hawakuugusa hata tawi. Kwetu Fizi, Kongo, mti unaoogopwa namna hiyo ni wa mizimu. Halafu nikachungulia kwenye majani marefu chini yake, nikaona sahani na kikombe cha bati kilichotobolewa. Sadaka za shetani, nikasema. Nani angenibishia?

Aliyeniuma roho ni rafiki yangu, mama Mmalawi anayeuza unga jirani nasi. Mwaka niliofika, sina hata sufuria, yeye ndiye alinipa unga na kuni, akanifundisha kusonga nsima, ugali wao. Rozari shingoni, misa kila Jumapili, na akitoka misa anapitia kwenye mti ule, peke yake! Nikimuuliza, anaanza habari za bei ya unga. Nikaona rafiki yangu anakwenda motoni na mimi natazama tu.

Basi alipoenda Kauma, kule Lilongwe, kumuuguza binti yake, nikawaambia bamama tufunge siku tatu. Siku ya tatu wanaume wetu wakaleta mashoka na msumeno. Mti ulipoanguka tuliimba mpaka sauti zikakauka, na kiongozi wa wimbo njo mimi.

Mwanaume mmoja akavuta tawi, akaacha kuimba.

"Mama, kuya uone."

Msalaba. Wa simenti, mdogo, umevunjika katikati. Na mwingine kwenye majani. Na mwingine. Yesu wangu! Mwanamke wa kijijini aliyekuwa anapita na ndoo aliitupa, akaja akipiga mayowe, na yeye ndiye aliyetueleza: hapa ni makaburini, na mti wa makaburini haukatwi. Vile vyombo ni vya marehemu, hutobolewa vikaachwa juu ya kaburi la mwenyewe. Basi, hiyo tu! Miaka saba nakula nsima yao na sijawahi kuuliza wanazikana vipi. Nikakaa chini kwenye unga wa mbao.

Rafiki yangu alirudi Jumatatu, kabaza, ile baiskeli ya abiria, ikamshusha barabarani. Nilikuwa namngoja. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja hadi pale, akaokota kikombe kilichobondeka, akakipangusa kwa chitenje yake.

"Cha mwanangu," akasema. "Alikuwa na miaka minne."

Nikasema nisamehe, dada, nisamehe, Kiswahili na Kichewa vikachanganyika mdomoni. Nikamwambia tulifunga, tuliomba, tuliimba, yote kwa ajili yake, ili aokoke.

"Mliimba nini?"

Nikamwimbia mstari mmoja. Akaupokea kwa Kichewa, akaenda nao mpaka mwisho wa ubeti, macho kwenye kisiki.

"Ndio wimbo tuliomzika nao," akasema.