Kuumwa kwa Kufuata Kitabu

Nilikuwa kidato cha tatu, naishi na bibi kijijini Kenyamonta, nilipoazima riwaya ya vijana kwa rafiki yangu. Msichana wa riwaya hiyo aliumwa akili, na aliumwa kwa adabu kweli: alikonda vizuri, akakaa dirishani akitazama mvua, chozi moja kila ukurasa. Mwishoni mvulana mwenye gitaa alimshika mkono, akapona.

Mimi nilikuwa na miezi miwili silali. Kifua kizito, sioni sababu ya kuamka. Lakini ugali nilikula kama mchimba dhahabu, na darasani nilicheka kuliko wote. Nikajipima na kitabu, nikajiona mwongo. Hata hivyo nilitaka sana mtu ajue, na njia niliyoifahamu ilikuwa ile ya dirishani.

Dirisha letu lilitazama zizi, na kilikuwa kiangazi. Nikakaa. Ndama akaja kulamba pazia. Nikashusha pumzi ndefu, naye akashusha yake, ndefu kuliko yangu. Siku ya pili nilisusa chakula, nikashindwa kabla ya saa saba mchana kwa sababu bibi alikaanga dagaa. Siku ya tatu jirani alipita, akauliza kama nalinda ng'ombe. Nikasema ndiyo. Akanisifu.

Jioni bibi alikuja na kigoda, akakaa.

"Mke mwenzangu, una nini?"

"Sina kitu, bibi."

"Unacho. Hii ni wiki ya nne hujanitukana."

Kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, hata babu akiwa kaburini, na kazi yake ni kumchokoza kutwa: mapengo yake, mapishi yake, jinsi mume asivyompenda tena. Nilikuwa nimeacha, wala sikujua.

"Juzi nimekuita mvivu usiyejua kusonga ugali," akasema, "ukanijibu shikamoo. Niliogopa."

Nilitaka kucheka, nikalia, makamasi hadi kidevuni.

"Kuna ugonjwa wa mawazo," akasema. "Kesho tunakwenda zahanati. Ukishindwa kusema, nitakusemea."

Nikamwambia nimechoka na sijui kilichonichosha. Hakubisha. Aliniuliza tu ilianza lini, akasogeza kigoda karibu, nami nikamwambia yote.