Mwalimu Aliyeita Radi

Juzi binti yangu alikuwa akitazama kipindi cha sayansi cha watoto, mwalimu akieleza radi, nikakumbuka sebule ya shangazi Sumbawanga nilipokuwa mtoto. Uji wa ulezi ulinukia jikoni. Mwalimu wa kwenye televisheni ya shangazi, mpole, akatuuliza, "Haya watoto, radi hutoka wapi?" Papo hapo ngurumo ikatikisa mabati.

Shangazi alikuja mbio, akachomoa waya, akafunika kioo cha ukutani kwa kitenge kisivute radi. "Nyamazeni!"

Nikaamini yule mwalimu ndiye aliyeiita, kwa kuitaja tu. Nilimwogopa muda mrefu.

Sasa najua ni umeme wa mawinguni. Lakini juzi hiyo hiyo mbingu iliponguruma, nilichomoa waya mwalimu akiwa katikati ya maelezo.

"Mama, kwa hiyo inatoka wapi?"

"Nyamaza kwanza," nikamwambia, nikitafuta kitenge cha kufunikia kioo.