Blogu ilisema malkia wa blues amekufa, nikampata Nuu akipepeta kunde

Wakuu, habari za huko mliko.

Stori hii nimekaa nayo miezi kadhaa nikijiuliza niiandike ama niache. Yote yalitokea nikiwepo, na sijaongeza chumvi kwa sababu haikuhitaji. Nimebadilisha majina tu, maana mhusika ni mama wa kanisa na ana msimamo mkali kuhusu kuandikwa. Mtaelewa mbele.

Mimi nina agrovet hapa Emali. Dawa za kupe, chanjo za kuku, mbegu za ndengu na mtama. Asubuhi wateja, mchana jua, jioni wateja tena.

Baba yangu alipofariki nilizima redio ya duka. Gospel sikutaka, benga sikutaka. Kila wimbo ulikuwa unaniambia nivumilie ama nicheze, na mimi sikuwa na nguvu ya yoyote kati ya hizo.

Ndiyo nikaanza kusoma blogu ndogo ndogo za muziki. Zile zinaandikwa na mtu mmoja, hazina matangazo, komenti ziko tatu na mbili ni za mwenyewe. Huko ndiko nilikutana na blues na huo muziki wanaita roots.

Kama hujui blues, nitakuelezea nilivyoelewa mimi. Ni muziki wa mtu ambaye ana shida na hajaribu kukuficha.

Sasa siku moja kwenye blogu ya mzee mmoja wa Ubelgiji, tumwite Wim, nikakuta posti ndefu, yenye picha moja ya zamani, kuhusu mwimbaji anaitwa Blind Syombua.

Nikashtuka. Syombua ni jina la kwetu. Kila boma Ukambani lina Syombua wake.

Posti ilisema hivi: alikuwa kipofu tangu kuzaliwa, aliishi kwenye kibanda kando ya reli huko Nuu, alipiga gitaa la nyuzi nne kwa siri ya mababu, na alikufa kwa pombe na upweke. Kilichobaki ni kanda moja tu, ambayo Wim aliipata kwenye soko la vitu vya zamani huko kwao.

Tusimame hapa kidogo. Reli iko huku kwetu Emali. Nuu iko ndani kabisa upande wa Mwingi, na hakuna reli hata ya kuchorwa ukutani.

Lakini nikaweka earphones.

Gitaa likaanza, linateleza kama mtu anayeburuta kitu kizito. Kisha sauti ya mama, Kikamba cha Mwingi kabisa. Nililia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mbegu, saa nne asubuhi, na mteja akasimama mlangoni akaona heri arudi baadaye.

Halafu nikasikiliza maneno.

Wim alikuwa ametafsiri wimbo wa kwanza hivi: "Mpenzi, umeniacha njia panda, nirudishie moyo wangu." Wakuu, mama alikuwa anaimba: "Mbithe, nirudishie sufuria yangu, ile ya sikio moja."

Wimbo mzima. Dakika sita. Sufuria.

Nikaandika komenti kwa heshima, nikasema mimi ni Mkamba na hiyo ni sufuria. Wim akanijibu vizuri sana kwamba katika utamaduni wangu sufuria ni ishara ya moyo wa mwanamke.

Labda mama yangu pia alikuwa anapika kwa ishara na hakutuambia.

Nikaendelea kusikiliza tu, kila siku, sasa bila earphones. Mpaka mama mmoja kutoka Mwingi, aliyekuja kumtembelea bintiye hapa Emali, akaingia kununua dawa ya kuku. Akasimama katikati ya duka na noti mkononi.

"Huyo si ni Syombua?" akauliza.

"Unamjua?"

"Alinisimamia harusi yangu."

Nikamwambia pole, alikuwa msanii mkubwa. Nikamuuliza alifariki lini.

Akanitazama vile unamtazama mtu amekaa juani sana. "Kufariki? Mimi nilikuwa na yeye kanisani Jumapili."

Nitakubali kitu hapa ambacho sijawahi kuambia mtu. Niliposikia yuko hai, kuna kitu kidogo ndani yangu kilisikitika. Nilikuwa nimemzoea akiwa marehemu.

Wiki hiyo nilifunga duka nikachukua pickup. Nikapitia mji wa Wote, kisha Kitui, Kabati, Mwingi, mpaka Nuu. Nikaelekezwa boma lenye paa la bati na tangi kubwa la maji. Nikamkuta anapepeta kunde.

Nikiwa bado mbali akaniita: "Wewe wa shati la kijani, funga hiyo geti vizuri, mbuzi watatoka."

Huyo ndiye kipofu, wakuu.

Nilimsalimia, nikamwita mwaitu, vile tunaita mama zetu, akanipa kiti. Nikamchezea ile kanda kwenye simu. Alisikiliza mpaka mwisho bila kupepeta hata kunde moja.

Aliniambia kanda ilirekodiwa miaka mingi iliyopita na mama mtafiti aliyekuja kuuliza watu wanapanda mtama wa aina gani. Gitaa lilikuwa na nyuzi nne kwa sababu mbili zilikatika na za kununua zilikuwa Mwingi. Liliteleza kwa sababu alikuwa amechomwa mwiba kidoleni, kwa hivyo akatumia kijiko. Na kwenye picha macho yamefumbwa kwa sababu alipigwa akiangalia jua.

Nikamuuliza kuhusu sufuria.

"Ilikuwa ya marehemu mama yangu," akasema. "Nyumba yake iliungua, ikabaki hiyo tu. Mbithe akaiazima kwa harusi, akakaa nayo. Kila nikimuuliza ananiambia kesho. Sikutaka kugombana na jirani, kwa hivyo nikaimba."

"Aliirudisha?"

"Aliirudisha. Hilo sikio moja nalo likiwa limetoka."

Nikaangalia pembeni kidogo. Nikajua kwa nini nililia pale dukani: wote wawili tulikuwa tunamlilia mzazi.

Sasa ikabidi nimsomee ile posti, nikitafsiri polepole. Kipofu, akacheka. Reli, akacheka sana. Kufa, akasema hiyo ni sawa, kila mtu atakufa. Nilipofika kwa pombe, akaweka ungo chini.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

Mama huyu ni kiongozi wa akina mama kanisani. Amelea watoto saba na hajawahi kuonja pombe, hata ile ya kienyeji wakati wa sherehe za mahari. Mjukuu wake anasoma Nairobi, na akabaki akijiuliza kama huyo msichana ameshaona hiyo maneno kwenye simu.

"Kufa waache," akaniambia. "Lakini pombe itoke. Wewe ndiye umeleta hii habari kwangu, wewe ndiye utaitoa."

Hivyo ndivyo nilipewa kazi.

Nikamwandikia Wim. Akanijibu kwamba anahitaji source. Nikamwelezea mwaitu kwamba source ni kitu kilichoandikwa na mtu mwingine.

"Na huyo mtu mwingine alijua aje?" akauliza.

Nikafuatilia, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Wim alikuwa ametoa habari ya pombe kwa blogu moja ya Kanada. Ya Kanada iliitoa kwa blogu ya Japani. Ya Japani ilikuwa imeitoa kwa Wim.

Mwaitu akasema kama ni maandishi wanataka, watapata maandishi. Akaenda kwa chifu, akapewa barua yenye muhuri inayosema mwenye barua hii namjua, ni mkazi wa lokesheni yangu, na yuko hai. Pasta akaandika ya kwake kwamba ni mshirika mwaminifu na hanywi. Nikapiga picha zote mbili nikatuma.

Wim akashukuru kwa nyaraka za kuvutia. Akasema Syombua ni jina la kawaida, na kwamba kwa bahati nzuri anapanga kuja Kenya kuweka jiwe kwenye kaburi. Je, ningempeleka?

Nilimpokea hapa Emali saa mbili asubuhi. Mzee mrefu, mpole, suti nyeusi, kwenye joto hili letu. Sanduku lake sikuweza kuliinua peke yangu, kwa sababu ndani kulikuwa na jiwe la kaburi. Limechongwa vizuri, jina na gitaa dogo.

Nikamwambia hapo hapo, kwa Kiingereza kilichonyooka: "Bwana Wim, yule mama yuko hai."

Akanishika bega, macho yamejaa machozi. Akasema anajua kwamba kwetu sisi wafu hawaondoki.

Nikawasha gari.

Nuu tulimkuta mwaitu amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, ndiyo mgeni aone mwenyewe kama huyu ni mtu wa pombe. Pasta alikuwepo kama shahidi. Kuku alishachinjwa na muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, uko mezani.

Wim akamshika mikono yote miwili akasema maneno yake matatu ya Kiswahili: "Pole sana, mama."

"Asante," akajibu mwaitu. Alifikiri anapewa pole kwa kusingiziwa.

Wim akanigeukia akanong'ona kwamba bila shaka huyu ni dada ya marehemu, wanafanana. Nikasema ndiye mwenyewe. Akatingisha kichwa kwa huzuni. Kisha akauliza kaburi liko wapi.

"Anasema nini?" mwaitu akaniuliza.

"Anauliza kaburi lako liko wapi."

Akafikiria kidogo. "Amekula?"

"Bado."

"Ale kwanza."

Tukala. Baada ya chakula mzee akatoka na jiwe lake, akalisimamisha pembeni ya shamba la kunde kwa sababu hakuna mtu aliyemwonyesha mahali pengine. Akavua kofia. Sisi wote tukasimama, pamoja na marehemu. Pasta akaombwa aombe, na akaomba polepole sana, akichagua maneno ambayo hayangemdanganya Mungu. Alimshukuru kwa jiwe na kwa safari njema.

Nilikuwa karibu kupotelea ardhini.

Kisha Wim akaomba dada ya marehemu aimbe kidogo, kwa kumbukumbu. Gitaa likaletwa. Siku hizi lina nyuzi zote sita. Mwaitu akaimba ule wimbo wa sufuria mwanzo mpaka mwisho, na hata kuku waliacha kupekua.

Wim alisikiliza akiwa amefumba macho. Akaniambia kitu, halafu mwaitu akataka kujua ni nini.

Nikamtafsiria kama kilivyo. "Anasema unaimba vizuri. Lakini yule aliyekufa alikuwa na uchungu zaidi. Anasema kuna mahali kwenye kanda anasimama katikati ya neno na kutoa sauti ambayo mtu hawezi kuigiza. Ameandika kurasa tatu juu ya hiyo sauti."

Mwaitu akalaza gitaa mapajani. Nikajua ameumia. Kusingiziwa pombe ni jambo moja, lakini kuambiwa umeshindwa kujiimba ni lingine.

"Mwambie siku hiyo jino lilikuwa linaniuma," akasema.

Nikatafsiri. Wim hakuelewa.

Basi mwaitu akafungua mdomo, akamwonyesha pengo, huku nyuma upande wa kulia. Akashika shavu, akaanza mstari ule wa pili, na katikati ya neno akasimama, akavuta hewa kwa meno na kutoa ile sauti. Ile ile, wakuu. Mimi nimeisikia kanda mara ngapi, nywele zilinisimama.

Wim alikaa chini. Alikaa juu ya jiwe lake.

Halafu akauliza, bila kunigeukia, akimwangalia yeye: "Ni wewe?"

Nikatafsiri, ingawa nadhani hakukuwa na haja.

"Si ndiyo tumekuwa tukimwambia tangu afike," mwaitu akajibu.

Yule mzee alilia vibaya. Akaomba msamaha kwa kila kitu, kwa macho, kwa reli, kwa kifo. Mwaitu akamkatiza, akasema hayo mengine ni mambo ya kuzungumza tu, iko moja ndiyo iliyomnyima amani. Wim akaahidi. Jiwe akaliacha, na sasa linazuia mlango wa banda la kuku.

Wiki moja baadaye akaandika masahihisho. Wasomaji wake walikasirika sana. Mmoja alisema yule mama kipofu ndiye alimvusha kwenye talaka yake, na sasa wanamwambia ni mtu wa kanisa mwenye watoto saba na jino. Nilitaka kumcheka, lakini nikakumbuka vile mimi mwenyewe nilisikitika pale dukani. Nikamwandikia tu kwamba sauti ni ile ile.

Nilirudi Nuu kumsomea mwaitu hayo masahihisho. Nilisoma polepole, Kiingereza kwanza, halafu Kikamba.

Akaomba simu. Hasomi Kiingereza, lakini aliishika kwa mikono miwili akaiangalia.

"Ya pombe imeandikwa wapi?"

Nikamwonyesha ule mstari unaosema hajawahi kunywa. Akaweka kidole juu yake, na hakukitoa kwa muda mrefu.

Wakuu, funzo langu ni dogo. Ukipenda kazi ya mtu, uliza kama yuko. Kama yuko, mwulize yeye, hata kama atakuharibia stori nzuri. Mimi nilikuwa tayari kumlilia mtu aliyekuwa hai, ningempata kwa pickup siku moja tu.

Nawaachia nafasi. Kuna mtu umewahi kumpenda kwa habari za kuambiwa, ukaja kukutana naye akiwa mwingine kabisa? Ulifanyaje? Na kama kuna mtu wa Nuu humu, tafadhali msimwonyeshe mwaitu huu uzi kabla sijamwambia mwenyewe.