Mstari wa Vitundu

Mwezi uliopita nilirudi Kalemie, nikashuka moja kwa moja hadi ufukweni kutafuta mchanga wa bibi. Sikuuona. Ziwa limepanda, na kuta za nyumba ya jirani yetu zimesimama majini kama mtu anayenawa miguu.

Pale, rafiki yangu, ndipo bibi alipoanika ndakala, vile visamaki vidogo vya kwetu. Kila asubuhi alishika kijiti akachora mstari pale wimbi la jana lilipoishia, na samaki wakaanikwa upande wa juu. Niliwapanga mimi kabla ya shule, nikinung'unika, vidole vikinata magamba na harufu ikinifuata hadi darasani.

Huko darasani nilikuwa na msiba wangu. Mwalimu wa hesabu alitufundisha zile za "kubwa kuliko" na "ndogo kuliko", na namna ya kuzichora. Mpaka ambao wenyewe hauhesabiwi katika jibu, alisema, uchorwe kwa mstari wa kukatikakatika. Mimi nilichora mstari mzima kila mara, nikapata sifuri kila mara. Lilibaki jaribio moja. Nikianguka, narudia mwaka. Niliona aibu hata kumwambia bibi.

Asubuhi ya jaribio, akili ikiwa mbali, nilipanga safu ya mwisho juu ya mstari wenyewe. Wimbi likaja likaichukua yote. Nilingoja kofi, maana bibi hakuwa mtu wa mchezo. Lakini alichuchumaa tu, akautoboa ule mstari vitundu, kimoja kimoja, mpaka mwisho.

"Mutoto wangu, huu njo mupaka wa ziwa. Hapa mutu anapita tu, hapana kukaa."

Kwenye jaribio mwalimu aliniandikia ubaoni −2x < −6. Nikakumbuka kwamba ukigawanya kwa namba hasi alama inageuka: x > 3. Kwenye tatu nikasimamisha mstari wa vitundu, nikapaka chaki upande wote wa kulia. Mwalimu aliutazama sana, kisha akaniambia nikakae. Nilifaulu.

Jioni nilimweleza bibi yote. Aliniuliza kama niliwageuza ndakala.

Sasa hayupo, na alama imegeuka kweli: palipokuwa petu ni pa ziwa. Nilimkumbuka, nikalia kidogo. Kisha nikaokota kijiti, nikachora mstari karibu na barabara, nikautoboa vitundu. Watoto waliokuwa wakioga wakaja kuuliza ni wa nini. Niliwaambia waweke viatu vyao upande wa juu, wala si juu ya mstari.

Wakaviweka.