Lainaksi Si Laini

Siku ninayotaka kuwasimulia tulikuwa watu watano ndani ya kiduka kimoja cha kompyuta pale Kitale, na nawataja wote ili mtu asiseme nyanya anatunga. Nilikuwepo mimi, Rispa Nanjala wa Naitiri. Alikuwepo Nafula, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Jeni, msichana wa miaka ishirini na miwili wakati ule. Alikuwepo Senge Rasoa. Senge kwetu ni shangazi, na huyu alikuwa shangazi wa marehemu mume wangu, mwanamke aliyenunua ng'ombe mnadani Kachibora wakati wanawake wenzake walikuwa wakienda huko kupeleka uji tu. Alikuwepo Kiprono, kijana mwenye duka. Na Mama Chebet, aliyeuza chai mlango wa pili, aliingia kwa sababu ya kelele, akakaa kwa sababu ya utamu wa maneno. Mtu wa sita, Mwalimu Khaemba wa Bungoma, hakuwepo, lakini yeye ndiye aliyetufanya tuwe pale.

Mwanangu, kosa lilikuwa langu, kwa hiyo wacha nilianze mimi mwenyewe kabla hujalisikia kwa wengine.

Nafula alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta Bungoma, akakaa kwangu mwaka mzima akipalilia mahindi. Hakulalamika. Lakini mtu akipalilia bila kuimba, unajua. Kisha Mwalimu Khaemba akamtumia habari: kule Sirisia chama cha wakulima kinataka mtu wa kuwawekea kompyuta na kuwafundisha makarani wao. Mashine zao zinaendeshwa na Linux. Mimi nilielezwa hivi, na wewe nitakueleza hivyo hivyo: kompyuta bila programu ya kuiendesha ni sufuria bila moto, na Linux ni moto unaopewa bure, hununui. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili wa kupeleka, Nafula na mwingine, na nafasi ni moja. Akasema, Jumatatu asubuhi kila mmoja aje na kompyuta yake ya kubeba, inayokubaliana na Linux, kwa sababu kule ni kutembea kutoka ghala hadi ghala. Atakayekuja na mashine inayofanya kazi ndiye atakwenda.

Alhamisi Nafula alikuwa Bungoma akifanya mtihani wa huyo mwalimu, kwa hiyo kwenda Kitale ilikuwa kazi yangu. Akaniandikia karatasi. Akanipa na CD moja, akasema, "Kukhu, usinunue kabla muuzaji hajaiweka hii ndani. Mashine itawaka kwa Linux kutoka kwa CD bila kuharibu kitu. Aangalie kama inanasa mtandao wa bila waya. Halafu afunike, afunue, aone kama inaamka." Kukhu ni nyanya. Nikamwambia, "Mimi ni mtoto?" Nikaifunga karatasi na CD ndani ya leso.

Sasa sikiliza ujinga wa mtu mzima. Mimi niliacha shule darasa la tatu. Lakini nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, na nimezoea kuingia mahali watu wakanipisha. Nilipofika kwa Kiprono, duka lilikuwa limejaa vijana waliovaa vizuri, wakiongea Kizungu cha haraka. Nikaona, nikifungua leso hapa nitoe karatasi ya kuandikiwa, nitaonekana kama mtoto aliyetumwa chumvi. Nikaiacha leso ilivyo. Nikasimama wima, nikasema kwa mdomo:

"Nataka kompyuta ya kubeba. Inayokubali rainaksi."

"Inayokubali nini, mama?"

Sisi watu wa Bungoma, l na r kwetu ni mapacha, unamwita mmoja anaitika mwingine. Nikajirekebisha: "Lai-naksi. Laini." Ulimi ulikatikia hapo.

"Ah, laini!" Uso wake ukafunguka. Ilikuwa miaka ile vimodemu vya kuchomeka vilipokuwa vinaingia Kitale, unaweka laini ya simu ndani, unapata mtandao. "Hii inakubali laini zote mama. Laini yoyote unayotaka, weka."

Laini yoyote! Nikaona huyu kijana ananipa zaidi ya nilichoomba. Na mashine yenyewe ilikuwa nyekundu, nyembamba kama daftari, inang'aa hata unaona meno yako. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi huo msemo nimewafundisha watoto wa watu. Sikujifundisha. Nikanunua, nikaenda nyumbani nikiwa nimeikumbatia.

Ijumaa Nafula akafika. Alipoiona akapiga vigelegele, akaniinua kutoka chini, mimi na uzito wangu. Kisha akaweka CD, niliyomtolea kwenye leso nikaacha karatasi ndani. Picha ikaja. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Akaifunika, akaifunua. Kioo kikabaki cheusi kama kisima. Akaizima kwa nguvu, akaanza upya, kikabaki cheusi tena.

"Imekufa?" nikauliza.

"Haijakufa, Kukhu. Hazielewani. Waliotengeneza vifaa vya ndani hawajasema jinsi vinavyofanya kazi, kwa hiyo Linux haijui kuongea navyo. Mtandao haioni. Ikilala haiamki."

"Na ukiiacha na ile programu iliyokuja nayo?"

"Kazi yenyewe ni ya Linux." Kisha akauliza polepole, bila kuniangalia, "Si uliwaambia wajaribu na CD?"

Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa amekaa mbele yangu. Nikamdanganya. Ndiyo, mwanangu, nikasema, "Yule kijana ni mwizi. Aliniambia inakubali." Nikaanza kumtukana Kiprono kwa Kibukusu, ambacho kwa matusi kina nafasi kubwa.

Senge Rasoa alikuwa kwenye kona anachambua maharagwe. Alikuwa mzee sana wakati huo, na kwake mimi, na miaka yangu hamsini na kitu, nilikuwa msichana aliyeolewa jana. Akasema bila kuinua macho:

"Rispa. Ng'ombe wa kwanza uliyeletewa na mume wangu mdogo"—hivyo ndivyo alivyomwita mpwa wake kwa utani—"nilimnunua mimi. Unajua nilimnunuaje?"

"Ulimkamua, Senge."

"Nilimkamua hapo hapo mnadani, mwenyewe akiwa ameshika kamba. Nikamtembeza. Nikamlaza chini, nikamwamsha, kwa sababu kuna ng'ombe akilala haamki bila watu wanne. Walinicheka! Ati mwanamke anachuchumaa katikati ya wanaume. Wacha wacheke. Mimi nilienda kutafuta maziwa, sikwenda kutafuta heshima." Hapo ndipo akaniangalia. "Huyu mtoto alikupa kikombe cha kukamulia. Kilikuwa wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye leso yangu, iliyokuwa bado na fundo la karatasi.

"Mficha uchi hazai," akasema. "Uliona haya kuonekana hujui. Sasa haya yako ni yako, lakini Jumatatu ni ya mtoto."

Nimekemewa na watu wengi maishani mwangu, na majina yao yote ninayo, lakini sijawahi kukemewa nikakosa pa kuweka mikono kama siku ile. Nikamwambia Nafula ukweli. Aliondoa tu CD, akaipangusa kwa kanga yake, akanirudishia mkononi. Nikaelewa ni kurudi nayo Kitale, nikaifunga tena na ile karatasi.

Jumamosi duka lilipofunguliwa sisi tulikuwa mlangoni, watatu. Senge alikataa kubaki. Kiprono alipoiona ile nyekundu mikononi mwangu, akaanza kabla sijamsalimu:

"Mama, mali ikitoka hapa hairudi. Uliuliza laini, nikakuambia inakubali. Si inakubali?"

Hapo ndipo Mama Chebet akaingia, kwa sababu Senge alikuwa amesema kwa sauti ya mnadani kwamba hatutoki. Na nikaona njia mbili. Njia ya kwanza nimwite mwizi mbele ya watu. Mimi ni mama mzee, watu wangeniamini. Pengine angeogopa, akanirudishia. Njia ya pili ilikuwa imefungwa ndani ya leso. Mwanangu, leso ile ilikuwa nzito kuliko gunia la mahindi.

Nikaifungua. Nikasema, "Kiprono, hukunidanganya. Nilipewa karatasi hii na CD hii nikuletee. Niliona haya. Soma."

Akasoma. Midomo yake ikacheza. "Lai... Woi! Mama! Lainaksi! Si laini!" Akacheka mpaka akashika kaunta. Mama Chebet akacheka, na nina hakika hakujua anacheka nini. Hata Nafula, aliyekuwa amebana midomo tangu Ijumaa, kicheko kikamtoka.

"Rakini nirisema rainaksi!" nikajitetea, na kwa sababu ya haraka ulimi ulikuwa umerudi nyumbani kabisa. Wakacheka upya.

Alipojipangusa macho Kiprono akasema, "Mama, ungenionyesha hii karatasi, hii nyekundu singekupa hata kwa kunilazimisha. Linux inapenda zile za ofisini, zilizotumika. Ni mbaya kwa macho, lakini zimeshazoeleka, vifaa vyake vinajulikana. Wacha nione." Akaingia nyuma, akarudi na tatu.

Sasa mnada ukaanza. Ya kwanza ilinasa mtandao vizuri, lakini ilipofunikwa haikuamka. Senge akasema, "Huyo ni wa kuinuliwa na watu wanne. Ondoa." Ya pili ililala, ikaamka, ikanasa. Nafula akaanza kutabasamu. Mimi nikasema basi, tuchukue, nikashika begi.

"Keti chini," Senge akaniambia. "Kule Sirisia kuna stima kila ghala?"

"Hapana," Nafula akajibu.

"Basi chomoa hiyo waya. Mama Chebet, tuletee chai."

Kiprono akamlalamikia yule bibi mzee, "Shosho, hapa si hoteli bana. Niko na wateja."

"Na mimi ni nani? Kuku?"

Tukaletewa chai. Tukanywa, mashine inawaka bila waya, sote tunaitazama kama mgonjwa. Kabla sijamaliza kikombe changu ikazimika. "Huyu chuchu moja imekauka," akasema Senge. Kiprono hakulalamika tena. Nadhani ndipo alipoanza kupenda kujua mwenyewe. Akaleta ya tatu, ya kijivu, pembe moja imemegeka, herufi A imefutika kabisa. Nafula akaweka CD. Ikanasa mtandao. Ikalala, ikaamka. Ikalala tena, ikaamka tena. Tukachomoa waya, Mama Chebet akaleta chai ya pili, na ya tatu, hiyo ya tatu akasema ni zawadi yake kwetu, na ile ya kijivu ikaendelea kuwaka. Mwisho Senge akaitia ndani ya kiondo chake, akakining'iniza begani kwa Nafula, akamwambia, "Nenda mpaka kwenye ile posta, urudi. Nataka nijue kama mgongo wako umeikubali." Nafula akaenda. Akarudi anakimbia.

Kiprono akaichukua ile nyekundu, akampa Nafula ya kijivu, na begi juu yake la kusawazisha bei. Akamwomba amnakilie ile CD. Nafula akamnakilia hapo hapo.

Jumatatu, jinsi Nafula alivyonisimulia, yule mwenzake alikuja na mashine mpya, nzuri, na ilipofika kwenye kunasa mtandao ikawa inazunguka tu. Mwalimu Khaemba akafunika ile ya kijivu, akaongea mambo mengine kidogo, akafunua. Ikaamka. Akasema maneno matatu: "Kesho uende Sirisia." Nafula alifanya kazi huko miaka mitatu, na hata alipopata kazi nyingine hakuiuza mashine ile mpaka ilipokufa yenyewe.

Basi, mwanangu, kama unakwenda kutafuta kompyuta ya kubeba, na unataka Linux ndani yake, usiulize muuzaji kama inakubali. Neno la kukubali ni jepesi mdomoni. Nenda na Linux yako mkononi, iwashe mbele yake. Ona kama inanasa mtandao, ilaze, iamshe, chomoa waya uketi, ibebe uone uzito. Rangi utaizoea ndani ya wiki moja. Kioo kisichoamka hutakizoea. Usikimbilie iliyotoka kiwandani jana, kwa maana ile waliyoitumia wengi ndiyo yenye wengi wa kuuliza ikiugua. Na kama kuna jambo hulijui, sema hulijui kabla hujafungua mkoba, kwa sababu kuuliza si ujinga, na haya yako mara nyingi hulipwa na mtu mwingine, tena mtu unayempenda. Ukishakosea, usitafute wa kumbebesha. Rudi mlangoni pale pale ulipokosea, ufungue leso.

Mungu akupe jicho la kuona ndani ya kitu, na ulimi usioogopa kuuliza. Akupe watu wa kukukemea ukingali na muda wa kurudi. Kazi ya mikono yako ilale salama na iamke salama.

Na nyinyi mliokuwepo, au mliosikia kwa waliokuwepo: kama nimekosea jina la mtu, au nimeweka Ijumaa mahali pa Alhamisi, njooni mniambie. Niambieni hata mbele za watu.